Ndiyo ya Wanyonyi

Mjukuu wangu Chebet,

Hapa Sugoi sisi ni wazima. Mahindi yamefika kiunoni, na nyanya yako anakusalimia sana. Unauliza chuoni usomee sheria ama kriminolojia, kwa sababu unataka kufanya kazi ya kesi za jinai.

Mimi chuo sikukiona. Enzi za Wazungu nilikuwa mkalimani wa korti pale Eldoret, kijana wa tai na maringo. Siku moja aliletwa Wanyonyi, mfanyakazi wa shamba, akishtakiwa kuiba ndama wa bwana wake. Hakimu Mzungu akauliza kama ni kweli. Nikamtafsiria Wanyonyi swali hilo kwa Kiswahili.

"Ndiyo, bwana," akajibu Wanyonyi.

Nikatafsiri neno kwa neno. Akafungwa miezi sita.

Kesho yake yule ndama alipatikana mzima, amekwama kwenye matope ya mto. Niliposikia nilishtuka. Nikaenda gerezani kumuuliza mbona alikubali.

Akaniangalia kama anayeshangaa swali lenyewe. "Kwani wewe umewahi kumjibu Mzungu hapana?"

Chebet, mimi nilizaliwa kwenye shamba kama lile. Baba yangu alijibu hivyo hivyo kila asubuhi. Nilijua ndiyo ile haikuwa kukiri kosa, na bado nikatafsiri. Mpaka leo sijapoa.

Kozi chagua mwenyewe. Ila kabla hujajaza fomu, waulize walimu ni wapi wanafundisha kuhusu mtu anayekubali kosa ambalo hakulifanya. Mimi nilifundishwa hilo na Wanyonyi, na karo alilipa yeye, kwa siku zake za jela.

Babu yako