Jiwe la Gabriella

Kambi ya Dzaleka, Agosti 2014

Baba Divin,

Salamu nyingi huko Johannesburg. Hapa balitengeneza upya uwanja wa batoto, bembea njo zinapendeza sana. Jana nilipeleka Divin. Mustari ulikuwa murefu. Akaweka jiwe nyuma yake, vile tunafanyaka pa bomba la maji kushikia mwenye hayuko nafasi.

"Ya nani?" nikamuuliza.

"Ya Gabriella."

Mu barua yako uliuliza kama homa ya binti yetu ilipungua. Haikupungua. Tulimuzika Jumapili, bantu ba kanisa balikuja bote.

Zamu ya jiwe ikafika. Divin akaliweka juu ya bembea, akalisukuma polepole. Batoto bengine bakangoja, hakuna mwenye alisema aliondoe.

Rudi, ao utuite tukuye huko. Mi nimechoka kushikia bantu nafasi.

Bibi yako,
Madeleine