Sahihi Yangu Ukurasa wa Kwanza

Alhamisi, baada ya magharibi

Kosa ni langu. Nani alinituma kupiga mhuri kitabu nisichokimaliza?

Sanduku la vitabu vya watoto lilifika wiki iliyopita, na mwalimu mkuu akataka rafu za maktaba zijae kabla ya wakaguzi kuja. Nikafunua kurasa mbili tatu za kila kitabu, nikaona picha nzuri, nikapiga mhuri na kutia sahihi: kimechaguliwa na mimi.

Jana ndipo mwalimu mwenzangu wa darasa la tano aliponinong'oneza mwisho wa kile chenye jalada la kijani. Kijana wa dukani anatajirika, anajenga nyumba tatu za kupangisha, na hadithi inamsifu! Nyumba kama hizo hapa Kariakoo serikali imeshazitaifisha, inasema ni unyonyaji.

Nikakimbilia rafuni. Hakipo. Daftari la kuazima linasema Zuhura, darasa la sita. Baba yake ni katibu wa tawi la chama.

Leo asubuhi nilimngoja getini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kile kitabu kiko wapi?"

"Baba anakisoma. Ameniuliza hii sahihi ya nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia yako. Akasema una mwandiko mzuri."

Basi. Akakimbilia darasani, nami sikuthubutu kumuuliza zaidi. Mume wangu anasema huenda ni sifa tu, nile chakula changu. Sijakigusa.

Nimefunua daftari hili la kumbukumbu zangu tangu mwanzo, na malalamiko yangu yote juu ya chama yamo humu. Mwandiko ni ule ule.