Kwa Mwalimu Aliyeugeuza Umeme Kuwa Hakimu

Mwalimu wangu,

Barua ya mwanafunzi kwa mwalimu wake huanza kwa shikamoo. Hii haianzi hivyo. Tangu asubuhi nimekuwa nikijaribu kuliandika neno hilo, na kila nikilifikia natamani kutema mate. Basi tuliache. Nimesikia wewe ni mzima huko Bukoba, umenenepa, umekuwa karani mwenye kiti chake barazani. Sisi huku Kiruruma, Karagwe, nasi ni wazima, isipokuwa mmoja, na ni kwa ajili yake ninaandika. Barua nilizokutumia kimyakimya hukuzijibu. Hii naitoa wazi, aisome yeyote anayejua kusoma, na asiyejua asomewe.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo, na ndiyo yanayoniudhi zaidi.

Ulipofika kutoka pwani kutufundisha, nyumba ya mwalimu ilikuwa haijaezekwa, ukalala kwetu msimu mzima wa mvua. Ulikula ndizi na maharage kwenye chungu cha mama. Baba alikuita Waitu, neno la heshima tunalompa mkubwa, ingawa kwa umri ungeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Ukikohoa, alikuwa wa kwanza kuamka kukoleza moto. Hakujua herufi hata moja, lakini aliamini kwamba kila kinachotoka mdomoni mwako ni kweli, kwa sababu ulikuwa unaweza kukionyesha.

Na kweli ulionyesha. Unakumbuka siku ya mrija? Ulichukua kibuyu na mrija wetu wa kunywea rubisi, ukatia maji badala ya pombe, ukasema dini yako haikuruhusu kwenda mbali zaidi ya hapo katika sayansi. Darasa zima likacheka. Ukatuuliza ni nini kinachopandisha maji ndani ya mrija. Tukajibu kwa pamoja kwamba ni mdomo. Ukaziba shingo ya kibuyu kwa nta kuuzunguka mrija, ukaniambia ninyonye. Nikanyonya mpaka mashavu yakakutana ndani. Maji yakaja kidogo, kisha yakagoma. "Umeona?" ukasema. "Ni hewa inayosukuma. Ukiifungia nje, mdomo wako ni bure." Jioni hiyo baba aliwaonyesha majirani jambo lile kwa rubisi halisi, akaharibu kibuyu kizima na wala hakujali.

Halafu ikaja mashine ya kioo. Ilitoka Ulaya, ikaletwa na wapagazi ndani ya sanduku lililojaa majani makavu: duara la kioo lenye mpini, linalozunguka na kusuguana na ngozi, na pembeni chupa iliyopakwa bati, yenye kirungu cha shaba juu yake. Ulizungusha mpini, chupa ikashiba, ukaniita niguse kirungu. Nilikuwa miguu mitupu kwenye sakafu ya udongo iliyonyunyiziwa maji ili vumbi lilale. Nikarushwa nyuma mpaka kwenye mapaja ya wenzangu. Mkono ukafa ganzi hadi begani.

Ukavua mitalawanda yako, vile viatu vya mbao mnavyovaa watu wa pwani, ukanisimamisha juu yake. Ukazungusha mpini upya, ukanyoosha kidole, ukaniambia niguse tena. Nikagusa huku nimefumba macho. Nikasikia mtekenyo tu.

"Huu ni umeme," ukatuambia, "ndugu mdogo wa ule wa mawinguni. Hauna macho wala hasira. Unatafuta njia ya kwenda ardhini, basi. Mguu mtupu kwenye unyevu ni njia. Mbao kavu si njia." Ukaturudisha kwenye nafasi zetu, ukatuimbisha maneno hayo mpaka tukayajua kama majina yetu. Siku hiyo niliamua nitakuwa mwalimu. Nilikupenda, na sioni haya kuliandika. Haya ni ya kwako.

Kisha robota la kaniki likapotea katika ghala la tajiri pale njiapanda. Watu waliokuwa na ruhusa ya kuingia ghalani ni wawili tu: baba yangu, aliyekuwa mlinzi, na mpwa wa tajiri, kijana aliyekuja kutoka pwani kumsaidia mjomba wake dukani. Kila mmoja alisema si yeye. Bwana Mkubwa wa boma alikuwa akipita huku kukagua barabara, na alitaka shauri likatwe kabla hajaendelea na safari. Hakutaka mashahidi, hakutaka maneno mengi. Aliisikia habari ya mashine, akakuita, mkazungumza faraghani. Sijui alikuahidi nini siku ile. Najua tu kwamba mwezi haukuisha ukawa umehamia Bukoba na cheo kipya.

Siku ya baraza, mama aliamka alfajiri pamoja na wanawake wa ukoo wakaenda kukata nyasi. Wewe uliishi kwetu, unaijua desturi yetu: penye jambo la heshima, hapakanyagwi udongo mtupu. Walizitandaza mbichi, zingali na umande, nene na za kijani, wakazipanga kwa mikono yao wenyewe. Mama alitaka mumewe asimame mahali pazuri. Alitaka kuonyesha kwamba nyumba yetu haina cha kuficha. Wewe ukaja na kanzu yako, ukazitazama zile nyasi, kisha ukamtazama mama. Ukamwambia, "Mmepapendezesha sana."

Ulijua. Ulikuwa umetuimbisha. Na ukasema mmepapendezesha!

Ukaweka mashine, ukazungusha mpini, kisha ukasimama mbele ya watu na kusema kwa sauti ile ile ya darasani, "Chombo hiki kinamjua mwongo. Asiye na hatia atakigusa asione kitu." Mkalimani akayageuza maneno yako kwa Kinyambo, lugha yetu, na umati mzima ukavuta pumzi.

Akaitwa kijana wa dukani kwanza. Alipanda juu ya nyasi na mitalawanda yake, kwa-kwa-kwa, akagusa, akatabasamu. Akaitwa baba. Baba hakuwahi kumiliki kiatu maisha yake yote. Alikuja na miguu yake mipana, iliyolowa umande hadi vifundoni, na hakuwa na wasiwasi hata chembe. Nakumbuka alikuangalia kama mtu anayemwangalia ndugu yake.

Mimi nikanyoosha mkono. Ulitufundisha kunyoosha mkono, si kuropoka, basi nikanyoosha. Ukajitia hamnazo. Nikasimama, nikasema kwa Kiswahili chako mwenyewe, "Mwalimu, mwambie yule avue mitalawanda, kisha aguse tena."

Watu wakageuka. Bwana Mkubwa akakuuliza nasema nini. Ukamjibu, sijui ulimjibu nini, akacheka. Kisha ukaniambia, "Kaa chini. Hapa si darasani."

Baba akagusa kirungu. Alirushwa, akaanguka chali juu ya nyasi alizokatiwa na mkewe.

Kiboko sitakieleza. Minyororo na kazi ya barabara pia sitaieleza, ilimpata yeye na wengine wengi, na Bwana Mkubwa sikumtarajia kitu kingine. Tulijua alikuja kufanya nini. Hasira yangu kwake ni ya kawaida, naamka nayo na kulala nayo. Lakini wewe unanitia kinyaa. Kinyaa ni kitu kingine kabisa. Ni pale unapogundua kwamba mkono uliokulisha ulikuwa umetoka chooni. Alikuvika kilemba cha ukoka, akakuita mtaalamu mbele ya wazee wetu, ukalewa. Ulichukua kitu kisafi kuliko vyote ulivyotuletea, ukajikomba nacho. Mjinga angefanya vile ningemhurumia. Mchawi angefanya vile, angalau yeye huamini uchawi wake. Wewe hukuamini neno hata moja kati ya yale uliyoyasema.

Wala sisemi kwamba kijana wa dukani ndiye aliyeiba. Sijui. Hakuna ajuaye, kwa sababu baada ya mashine yako kusema, hakuna aliyetafuta tena.

Sasa mimi ndiye mwalimu katika chumba kile kile. Mashine uliiacha, na ngozi yake ilikuwa imeliwa na mende, nikaishona upya mwenyewe. Juzi niliitoa kwenye sanduku kwa mara ya kwanza mbele ya wanafunzi. Wakakimbia! Darasa zima, wakubwa wenye ndevu zinazoota, wakaruka madirishani. Mmoja, mtoto wa kijiji cha Kanoni, alisimama mbali kwenye migomba akanililia, "Mwalimu, mimi jana nilimdanganya mama, kitaniua!" Imenichukua muda mrefu kumrudisha hata mlangoni. Hiyo ndiyo fizikia uliyoiacha Karagwe. Watoto wanaogopa kioo na bati, na wazazi wao wanavitumia kuwatishia wakikataa kuteka maji. Kila nikisema umeme hauna macho, wananitazama kwa huruma, maana walimsikia mwalimu wa mwalimu wao akisema unayo.

Lakini hilo nitalirekebisha. Nitawavika mitalawanda mmoja mmoja, nitawavua, nitawavika tena, hadi wajue. Wanafunzi wanarekebishika. Ambalo sikuweza kulirekebisha ni baba.

Aliporudi kutoka barabarani nilimweleza kila kitu. Nilichonga mitalawanda kwa mti mkavu nikamletea. Nikamwomba twende shuleni, aipande, aguse, aone mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake yote.

"Mwana wange," akaniambia, "wewe bado unajifunza. Mwalimu alilala kwangu. Alikula kwangu. Angeweza kunidanganya mimi?"

"Baba, uliiba?"

"Sikumbuki kuiba."

"Basi hukuiba!"

Akautazama mkono wake wa kulia, ule uliogusa kirungu, akaugeuzageuza kama wa mtu mwingine. "Mimi sikumbuki. Lakini chombo kiliujua mkono huu. Labda uliiba nilipokuwa nimelala."

Nilidhani ni uchungu unaosema, utapita. Haukupita. Jirani akimpa panga amshikie, alikuwa akificha mikono mgongoni. Kwenye karamu hakukubali kugawa nyama. Mzee aliyewahi kuaminiwa ghala zima alikuwa akimwomba mama amfungulie mlango wa nyumba yake mwenyewe, asiuguse yeye. Nikambembeleza, nikamfokea, nikampigia magoti. Kila mara jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba Mwalimu hadanganyi. Mimi mwanawe niliyesema kweli alinihurumia, na wewe alikutetea.

Amefariki mwanzoni mwa mvua hizi. Aliondoka usingizini, bila kumsumbua mtu. Mama aliniita asubuhi ili tumnyooshe, na tulipoondoa blanketi nikaona jambo ambalo mama alikuwa amelijua kwa miaka yote na kunificha kwa aibu. Baba alikuwa akifunga mkono wake wa kulia kila anapolala. Aliufunga kwenye mguu wa kitanda kwa kamba ya mgomba, mafundo mengi, ili usiku usitoke kwenda kuiba.

Kamba ilikuwa imekazwa sana. Nimeikata mimi, kwa kisu, na nyama chini yake ilikuwa ngumu kama kwato.

Sitaki ulie, sitaki utume rambirambi, wala usije. Nilitaka tu ujue kwamba duniani kulikuwa na mtu mmoja aliyekuamini kuliko alivyojiamini mwenyewe, na kwamba mtu huyo tumemzika.

Kwaheri ya kweli,

Mimi, mtoto wa mlinzi, uliyemwambia akae chini.