Chai ya Wageni wa Serikali

Morogoro, Aprili 1996

Kaka Mwinshehe,

Shikamoo. Huku sote wazima, na lile koti la mitumba ulilomtumia mama halivui hata akiwa jikoni.

Juzi walikuja maofisa wa serikali kuzungumza na sisi tunaoishi jirani na kambi ya jeshi. Unamjua mama, kwake mgeni haanzi kuongea kabla hajala. Kila mkubwa wao alipotaka kuanza, mama alimwongezea chai na maandazi. Wakanywa mpaka wakalegeza tai.

Ndipo mkubwa akasimama, akasema kisima chetu kimeingiwa na kemikali za kambini, maji yake tusinywe hata tukiyachemsha. Kisha akalitazama birika.

“Mama, hii chai maji yake ya wapi?”

“Ya hapo kisimani, baba,” mama akajibu. “Nikuongeze?”

Tunacheka mpaka leo. Wenyewe waliondoka mbio kwenda kupimwa hospitali, kwa vikombe viwili vya chai. Sisi tuliokunywa tangu tuzaliwe tumeambiwa tusubiri.

Idi hii usikose, mama anakuulizia kila siku. Ila watoto waache huko kwanza.

Mdogo wako,
Shamimu