Hind Afungua Mdomo

Khuwair ya Kusini,
Maskati.
12 Januari 1994.

Mpendwa dada yangu Masouda,

Assalamu alaykum. Hujambo huko Unguja? Na mama, magoti yake yanamwacha alale? Sisi wazima, isipokuwa mume wangu Yaarub ana mafua, na mafua yake unayajua: akiumwa yeye, nyumba nzima tunaumwa. Mdalasini wako umefika. Ahsante sana.

Haya, nije kwa mwanao, maana najua macho yako yameshalitafuta jina lake.

Uliniandikia kwamba ikifika Ramadhani Hind bado hajafungua mdomo darasani, nimrudishe kwako. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kukwambia. Miezi minne mtoto anakwenda skuli, anakaa nyuma, anarudi. Nyumbani anazungumza Kiswahili hanyamazi. Akifika kwenye Kiarabu cha darasani, bubu. Yaarub alikwisha anza kuulizia tikiti.

Basi Jumamosi abla Muhsina, mwalimu wao wa sayansi, alitia sifongo katika sahani ya maji. Maji yakapotea. Akauliza sifongo imefanya nini. Hind jambo analijua, ila neno la kitabuni limemtoka. Akasimama, akachukua neno letu la jikoni, lile tunalosema wali umesharabu tui, akalisema Kiarabu: "Sharab al-mai!"

Darasa likaangua kicheko, kwani kwao huku "sharab" ni kunywa, kama mtu anywavyo chai. Msichana mmoja akamwuliza, "Kwani sifongo ina mdomo?"

Ananambia hakukaa. Akajibu kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika, "Haina. Ndiyo maana haicheki watu."

Abla mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Kisha akawanyamazisha. "Hakukosea," akasema. "Atengeneze kidogo tu: tasharraba. Ni Kiarabu safi, na hata elimu ikimwingia mtu sawasawa tunasema hivyo hivyo." Akaliandika ubaoni, pembeni ya lile la kitabuni.

Aliporudi hata viatu hakuvua. Tukakaa jikoni kutafuta vinavyosharabu: ukuta wa choo, vitumbua vikikaangwa kwa moto mdogo, karatasi hii ninayokuandikia, tazama wino ulivyotambaa. Nikamwambia na yeye amesharabu ukali wa mama yake. Akafurahi, kisha akalia. Masouda, mwanao amekukumbuka sana, sikufichi. Nami nikalia naye, Yaarub akaja kutuuliza nani kafa.

Jana skuli wakaniita. Nikavaa abaya upande, nikaenda nikijua wananirejeshea mtoto. Abla Muhsina akanikaribisha kiti.

"Nimekuita kwa ajili ya Hind," akasema. "Tafadhali zungumza naye. Anaongea mno, wenzake hawasikii somo."

Nikamshukuru, nikamshukuru tena, mpaka akanitazama kama nna wazimu.

Wewe ndiye mama, uamuzi ni wako. Lakini nakuomba kwanza umwandikie umwulize mwenyewe. Nimemwambia Yaarub aache habari ya tikiti mpaka utujibu.

Mbusie mama mikono, na kaka Ghanim mpe salamu zetu sote. Mungu akutilie baridi moyoni, na atukutanishe na afya zetu.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyoweza kuandika,

Ruqaya