Programu Uliyomwekea Mama Yako

Ghorofa ya pili,
Mkabala na karakana ya mabati.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nakupa kwa kuwa nililelewa kuzitoa. Usije ukadhani hasira zimeisha. Natumaini wewe na mkeo mu wazima. Mimi mzima, ila goti. Habari za mama yako ndizo zilizonikalisha mezani.

Unajua kwamba tangu alipopata kiharusi maneno yanamtoroka. Muuguzi anayemfundisha kusema upya alitaka akili yake ipewe kazi kila siku. Ndipo nikaanza kumwandikia fumbo kila asubuhi: mistari mitatu ya habari za nyumbani, kila herufi nimeibadilisha kwa nyingine. Yeye na penseli yake anatafuta ipi imejirudia sana, anaijaribu kuwa A, anaguna, anafuta, anaanza tena. Neno likimfungukia, analitamka. Hivyo ndivyo alivyolipata tena "kijiko", na "dirisha", na jina lako.

Kisha wewe, Injinia, ukamwekea programu ya kufumbua mafumbo kwenye simu. "Mjomba, hiki kitu kinamaliza kabla hujapiga chafya. Ya nini kumtesa mama?" Nikakujibu kwamba mateso hayo ndiyo dawa. Ukacheka.

Sina ugomvi na kompyuta. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na kazi yake naielewa. Inabahatisha ufunguo, inabadilishanisha herufi mbili, inatazama kama maandishi yamekaribia kuwa lugha ya watu. Yakikaribia, inashikilia, yasipokaribia, inajaribu nyingine, bila kuchoka. Maandishi yakiwa marefu, jibu ni moja tu. Yakiwa mafupi, majibu ni mengi, na yote yana sura ya ukweli. Programu yako hailijui hilo, au wewe hukuona haja ya kuifundisha kusema "sijui".

Uliponipigia kwamba umepata likizo, nilitaka habari hiyo aifungue mwenyewe. Nikamwandikia maneno mawili tu: MWANAO ANAKUJA. Nikaenda kumchukulia dawa.

Niliporudi nilimkuta amekaa sakafuni jikoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, simu mapajani. Akanisukumia simu. Alikuwa ameliingiza fumbo kwenye programu, nayo ilikuwa imeandika: MWANAO ANAKUFA.

J ilitokea mara moja tu, hakukuwa na neno jingine la kuipinga F, basi mashine ikaokota iliyofaa. Ingeweza kuandika ANAKULA, tukacheka wote. Alikuwa amekupigia, akakupigia tena. Wewe ulikuwa kazini, simu umeizima.

"Kaka, nani kasema?" aliniuliza jioni, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. Ningemjibu nini? Kwamba hakuna aliyesema?

Utaniambia kosa ni langu kwa kuandika maneno mawili. Sema. Lakini angekuwa na penseli, angefika kwenye herufi ile, angesimama, angeniita. Mtu asiyejua huuliza. Kitu ulichomletea hakiulizi.

Na sasa umenitumia ujumbe kwamba safari imeahirishwa, kazi zimekubana. Usinifanye mimi tarishi wako. Mpigie yeye, umsikie anavyolitafuta jina lako, kisha umwambie kwa kinywa chako.

Nilitaka kuifuta hiyo programu, akanishika mkono kwa nguvu nisizojua anazo. "Ya mwanangu," akasema. Haitumii, wala haruhusu ifutwe. Basi njoo uifute mwenyewe.

Kila asubuhi nampa fumbo jipya, analiweka kando, anarudia lile la maneno mawili. Herufi zote amekwisha kuzijaza kwa penseli, ila moja. Pale penye J ameacha wazi. Nimemwonyesha jibu, nimemwapia, anatikisa kichwa tu. Anasema ataijaza akikuona mlangoni.

Msalimie mkeo, na yule mtoto wenu mwambie babu amemtunzia kiti cha dirishani. Wao sina kinyongo nao. Mungu akulinde njiani, maana natarajia uwe njiani.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa kukaza meno,
Mjomba wako.