Siku ya Mia ya Baba

Jeonju, 9 Januari 1977

Kwa dada yangu mpenzi Yeon-suk,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya huko Bochum, na kwamba wale wagonjwa wako wazee bado wanakupenda ingawa jina lako linawashinda kutamka. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, na ananigombeza kila siku kwamba nakata figili vipande vikubwa kama vya kulishia ng'ombe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Kaka Gi-bong amekonda kidogo, lakini anacheka kuliko zamani. Nitakueleza kwa nini.

Katika telegramu yako uliuliza kama uombe likizo mwezi wa pili, uje tumfanyie Baba ibada ya siku ya mia tangu afariki pamoja. Jibu lako lipo humu. Ila nivumilie kwanza nikusimulie tulivyomzika, maana jibu limetokana na hayo.

Unajua Kaka alikuwa karani wa kata. Tangu serikali itunge sheria ya kutufundisha namna ya kuoa na kuzika, yeye ndiye aliyezunguka kwenye arusi na misiba kuangalia nani kavaa vazi la katani la kufiwa, nani kawapikia wageni. Kumlisha aliyekuja kukupa pole, eti ni ubadhirifu. Baba alikuwa akimtania kwamba alidhani amezaa mtoto, kumbe amezaa mpima mchuzi. Lakini alipozidiwa aliacha utani. Alimshika Kaka mkono akamwambia watu watakaokuja kumuaga wasiondoke na njaa. Kaka aliitikia, kisha akatoka nje akasimama kwenye theluji bila koti.

Baba alipokata roho, mkubwa wa Kaka kazini, Bwana Kuk, alileta ujumbe kwamba msiba wa karani uwe mfano kwa mtaa mzima. Basi jikoni kwetu hapakuwashwa moto. Kaka alisimama mlangoni na suti nyeusi, kifuani kabandika kipande cha katani ambacho sheria imeruhusu, akiwainamia watu waliotembea kutoka mbali na kuondoka bila hata kikombe cha maji ya moto. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo akaja jirani yetu, Bibi wa Gokseong. Unakumbuka nilikuandikia alipofiwa na mumewe? Sikukuandikia kwamba supu ya msiba ule aliimwaga Kaka, kwa amri ya ofisi. Bibi alimtazama Kaka juu mpaka chini akamwambia, “Wewe mtoto, supu ya mume wangu uliimwaga mtaroni. Leo nampikia baba yako. Uje uimwage tena nione.” Kisha akarudi kwake.

Kabla jua halijazama, kichochoro chote kilinukia nyama ya ng'ombe na pilipili. Kila nyumba ilipika. Mgeni akishamwinamia Baba na kutoka kwetu, jirani mmoja anamvuta mkono wa koti, anamwingiza kwake, anamwekea bakuli. Wafiwa hatukumlisha mtu.

Bwana Kuk alikuja kukagua. Kwetu akakuta pakavu, na kwa majirani milango i wazi na watu wanatoka jasho kwa pilipili. Akamuuliza Bibi hiyo karamu ni ya nini. Bibi akamjibu, “Karamu gani tena, mwanangu? Watu wanakula chakula cha jioni. Au njaa nayo imepigwa marufuku, na sisi redio zetu mbovu?” Watu wakaangua kicheko, hata Mama.

Bwana Kuk akakasirika, akamwamuru Kaka amtajie nyumba zote zilizopika. Kaka akampa mgongo. Aliingia ndani, akavua suti, akavaa vazi la katani ambalo Mama alikuwa amelificha, akajifunga kamba kiunoni, akatoka akapiga magoti mbele ya picha ya Baba na kulia kwa sauti, aigo, aigo, kama babu alivyomlilia baba yake. Sijawahi kumpenda Kaka kama siku ile. Kazi ikaisha palepale. Siku hizi anasukuma mkokoteni wa makaa, na wale waliokuwa wakimkwepa njiani sasa wanamwita waongee naye.

Sasa nisikilize vizuri. Juma lililopita Bwana Kuk alirudi, akiwa na mtu mwenye koti zuri ambaye hakutaja jina. Mpole sana, alivua viatu kwa adabu akamsalimia Mama kwa heshima zote. Alisema Kaka anaweza kurudishiwa kazi yake. Kisha akasema anajua tuna binti Ujerumani, ambaye alisimama mbele ya ubalozi wetu na bango la kudai wanafunzi wafunguliwe kutoka gerezani. Alijua hata rangi ya skafu uliyovaa. Akasema binti mwema huja kwenye siku ya mia ya baba yake, na kwamba mimi nikuandikie nikuite, naye ataitia barua posta mwenyewe.

Niliiandika, dada. Kaka ndiye aliyeniambia niandike, tuwape wanachotaka waondoke, halafu tutafute mkono salama. Kwa hiyo utapata barua mbili. Ile itakuja kwa posta. Hii anakuletea Mi-hwa, binti wa mwalimu Seo, anayekuja kuanza kazi ya uuguzi huko, naye ataishonea ndani ya bitana ya koti lake.

Usije. Ukishuka kwenye ndege watakupokea wao, sisi hatutakuona. Kaka amesema hawezi kununua kiti cha ofisi kwa bei ya dada yake, na makaa hayajamuua mtu. Mama naye anasema ukae hukohuko na bango lako, na ulishike juu zaidi.

Mimi siwaogopi, nao wanajua. Kilichoniuma ni kimoja tu: katika barua ile yao sikuandika uongo hata neno moja. Nilikuambia nakukumbuka, njoo, chumba chako nimekifagia, njoo. Ukiisoma utalia, na yote utakayoyasoma ni kweli. Isome, ulie, kisha ubaki.

Wasalimie wauguzi wenzako wote. Mama anakuombea, Kaka anakusalimu sana, na Bibi wa Gokseong anauliza kama Wajerumani wanajua kupika supu.

Mdogo wako akupendaye,
Yeon-ok